Acheni Kukata Mkia wa Kitenzi

Kuna karatasi ya fotokopi inayozunguka mikononi mwa waongoza watalii hapa Arusha. Ni kurasa mbili, nakala ya nakala, na wino umefifia hata huwezi kujua ipi ni alama ya mkazo na ipi ni doa la nzi. Juu imeandikwa "Condicional". Aliyeitunga simjui wala sina ugomvi naye. Wengi walianzia hapo, na leo wanawapeleka wageni wa Madrid na Buenos Aires Ngorongoro na kuwarudisha wakiwa wanacheka. Shida ni kwamba kila msimu ukikaribia, wanafunzi wapya wa darasa langu la jioni huja nayo ikiwa imekunjwa mfukoni, na wiki mbili za mwanzo huishia katika kuwasahaulisha kilichomo. Safari hii nimeona niijibu kwa maandishi, pamoja na madai mengine ambayo hayamo kwenye karatasi ila yamo vinywani mwa watu.

Kwa asiyejua, condicional ni lile umbo la kitenzi cha Kihispania linalofanya kazi ambayo kwetu hufanywa na -nge-. Hablar ni kuzungumza. Hablaría ni ningezungumza. Nasema hivyo kwa jumla tu, maana huko mbele tutaona kuwa ulinganisho huo huo ndio unaotutumbukiza shimoni.

Sasa mstari wa kwanza kabisa wa karatasi: "Ondoa -ar, -er au -ir, halafu weka -ía."

Hili ni baya kuliko yote kwa sababu limeukaribia ukweli. Mwanafunzi amekwisha kujifunza wakati uliopo, na huko kukata ni lazima: hablar unaikata inabaki habl-, unaweka -o, unapata hablo, nazungumza. Mkono umeshazoea mkasi. Akifika kwenye condicional anakata tena, na hapo anaharibu. Condicional haikatwi. Unalichukua neno zima kama lilivyo kwenye kamusi, pamoja na mkia wake, kisha unalibandika -ía, -ías, -ía, -íamos, -íais, -ían. Yo hablaría, tú hablarías, él hablaría, nosotros hablaríamos, vosotros hablaríais, ellos hablarían. Comer, kula: comería, comerías, comería, comeríamos, comeríais, comerían. Vivir, kuishi: viviría, vivirías, na kuendelea mpaka vivirían.

Ukikata, hablar itakupa hablía, neno ambalo halipo, na afadhali yake, maana msikilizaji atakunja uso nawe utajua umekosea. Hatari iko kwa comer na vivir. Ukizikata unapata comía na vivía, na hayo ni maneno halali kabisa ya wakati uliopita: nilikuwa nikila, nilikuwa nikiishi. Hapo hakuna wa kukusahihisha. Utaeleweka vibaya, basi. Mwanafunzi wangu mmoja, dereva, alikuwa mbugani na wageni mwezi wa Ramadhani. Wamefungua lanchi boksi zao chini ya mgunga, mama mmoja akamsogezea paja la kuku. Alitaka kusema angekula nao, ila amefunga. Akatamka: "Comía con ustedes, pero estoy ayunando." Nilikuwa nikila nanyi, lakini nimefunga. Yule mama akamtazama, akaitazama saa yake, akauliza kwa upole kama mfungo wa Waislamu huanza mchana. Kilichokosekana ni herufi mbili tu, e na r: comería.

Na kwa nini mkia usikatwe? Kwa sababu hiyo -ía haikuzaliwa kuwa kiambishi. Ni kitenzi kizima kilichokonda. Watu wa kawaida waliokuwa wakizungumza Kilatini walifikia kusema cantare habebam. Habebam ni "nilikuwa na", cantare ni "kuimba", na maana yake ilikuwa kama "nilikuwa na kazi ya kuimba". Karne zikapita, habebam ikasagika mpaka ikabaki ía, ikagandana na kitenzi kilichoitangulia: cantaría. Ndugu yake, wakati ujao, alizaliwa vivyo hivyo kutoka cantare habeo, "nina kuimba", ndiyo cantaré ya leo. Antonio de Nebrija, aliyetoa sarufi ya Kikastilia mwaka 1492, alikwisha kuliona jambo hilo. Kihispania cha kale kiliweza hata kuyatenganisha maneno hayo mawili na kumweka mtu katikati yake, na Kireno rasmi bado kinafanya hivyo: dar-te-ia, ningekupa, "te" imebanwa katikati kama abiria wa mshikaki kwenye bodaboda.

Mswahili hana haja ya kushangaa. Ile -ta- ya atakuja wataalamu wanaifuatilia hadi kwenye kutaka, na mzizi wenyewe bado unachungulia katika atakayekuja. Sisi tuliweka kutaka mbele ya kitenzi, wao wakaweka kuwa na nyuma yake. Ukishajua kwamba hablaría ni maneno mawili yaliyofunga ndoa, mkasi utauweka chini mwenyewe.

Mstari wa pili wa karatasi hauhitaji maneno mengi: "Vitenzi viko makundi matatu, kwa hiyo kariri majedwali matatu." Hapana, ni moja, na umeliona hapo juu. Wakati uliopo una matatu, uliopita una mawili mawili; condicional na wakati ujao ndipo mahali ambapo -ar, -er na -ir hula sahani moja.

"Kialama juu ya í ni pambo. Wenyewe hawaandiki kwenye simu."

Kwenye simu ni kweli, wengi huiacha. Nasi kwenye simu huandika "xaxa" badala ya sasa, na sijaona mwalimu anayefundisha hivyo ubaoni. Kanuni ni kwamba Kihispania kikikuta i isiyo na alama imekaa mbele ya a, huzitamka kwa pamoja kama "ya". Alama inazitenganisha na kuuleta mkazo juu ya í. Chukua seria na sería. Seria, SE-ria, ni mwanamke asiyependa mzaha. Sería, se-RÍ-a, ni ingekuwa. Sabia ni mwanamke mwenye hekima, sabía ni alijua. Hacia ni kuelekea, hacía ni alikuwa akifanya. Ukiacha pambo, jambo ambalo lingewezekana linageuka kuwa mwanamke mkali.

Ila hapa kuna bahati ambayo karatasi haikumwambia Mswahili. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Soma hablaría kama unavyosoma neno lolote la nyumbani, ha-bla-RI-a, na umepatia bila kufikiri. Hablarías na hablarían ni vivyo hivyo. Kinachotusumbua ni wakati ujao, hablaré, ambao mkazo wake uko mwisho kabisa nasi tunausoma ha-BLA-re. Kwenye condicional mitego ni miwili tu, nosotros na vosotros. Ulimi wetu unataka ha-bla-ri-A-mos, kwa kuwa hiyo "a" ndiyo ya pili kutoka mwisho kwetu, lakini alama inasema ha-bla-RÍ-a-mos. Kwenye hablaríais nako, "ais" inatamkwa kwa pumzi moja, mkazo ukabaki pale pale kwenye í. Anayejifunza kwa karatasi iliyofifia atalijuaje hilo? Nimewahi kukaa nyuma ya gari nikasikia "podri-A-mos" kuanzia lango la hifadhi mpaka kambini, na wageni, watu wa adabu, hawakusema neno.

Dai linalofuata limo kwenye ukurasa wa pili, limepigiwa mstari: "Vitenzi vikorofi ni vikorofi kila mahali."

Kinyume chake ndicho kweli. Ir, kwenda, ni kigeugeu kuliko vyote: voy, naenda, fui, nilikwenda, iba, nilikuwa nikienda. Nani angedhani hao wana baba mmoja? Kwenye condicional kimetulia kama mtoto wa madrasa mbele ya ustadhi: iría, irías, iría, iríamos, iríais, irían. Ser, kuwa, yenye soy na fui na era, hapa ni sería tu. Dar ni daría, estar ni estaría. Na wale wanaobadili irabu tumboni, pensar inayokuwa pienso, dormir inayokuwa duermo, pedir inayokuwa pido, hapa hawabadiliki kitu: pensaría, dormiría, pediría. Anayeandika "piensaría" amejitwika mzigo usio wake.

Wakorofi wa kweli wapo, nao ni kumi na wawili ukiacha watoto wao. Watano wamemeza irabu ya mkia: poder ni podría, saber ni sabría, haber ni habría, caber ni cabría, querer ni querría. Watano wengine wamemeza irabu kisha wakatema d: tener ni tendría, poner ni pondría, salir ni saldría, venir ni vendría, valer ni valdría. Wawili wamejikata vibaya zaidi: decir ni diría, hacer ni haría. Miisho haiguswi hata kwa mmoja wao. Kinachobadilika ni shina peke yake, na shina hilo hilo ndilo la wakati ujao, tendré, podré, diré. Umekariri mara moja, umelipwa mara mbili.

Hiyo d ya tendría wanafunzi huiona kama uchawi. Mimi huwauliza: nyumba yenye kimo kikubwa mnaiitaje? Wanajibu, nyumba ndefu. Kwa nini si "nrefu", wakati mti ni mrefu na kitu ni kirefu? Na ulimi, wingi wake mbona ni ndimi na si "nlimi"? Darasa linanyamaza, halafu mtu anaanza kutabasamu. N haiwezi kugusana na r au l kinywani bila d kujipenyeza. Wahispania walikuwa na tenería, e ikamezwa, ikabaki tenría, ulimi ukagoma, d ikajitokeza yenyewe. L ya saldría nayo ilikutana na r, yakatokea yale yale. Kinywa cha binadamu ni kimoja, Kastilia au Kilwa.

Watoto wa kumi na wawili hao hufuata wazazi: mantener ni mantendría, proponer ni propondría, deshacer ni desharía. Wawili wameasi kabisa, bendecir na maldecir, kubariki na kulaani, ambao husema bendeciría na maldeciría kwa ukamilifu kana kwamba decir si ndugu yao. Waasi wawili wa namna hiyo katika ukoo mzima si wengi.

Niongeze neno kuhusu querría, kwa kuwa linatugusa sisi tusiotofautisha r moja na r mbili. Quería ni nilitaka. Querría, kwa r ya kukoroga ulimi, ni ningetaka. Karatasi inaonya kwamba ukikosea utaonekana mjinga. Huo ni uzushi. Mhispania mwenyewe akiingia mkahawani husema "quería un café" kwa adabu tu, wala hakuna anayemuuliza kama bado anaitaka. Anaweza pia kusema quisiera, nayo ni ya heshima zaidi. Jifunzeni r mbili, ndiyo, ila msikose usingizi.

Madai mawili madogo ya mitaani nayapitia haraka. La kwanza, kwamba lugha hii ina kasoro kwa kuwa hablaría ni ya "mimi" na pia ya "yeye". Ni kweli zinafanana. Sisi tuna ni- na a- mwanzoni mwa neno, wao wana yo na ella za kuweka mbele panapokuwa na utata. Pasipo utata hawaziweki, na maisha yanaendelea. La pili, kwamba vosotros imekufa, usijisumbue nayo. Kwa mgeni wa Meksiko, Kolombia au Kuba, sawa, yeye anatumia ustedes na utamjibu kwa -ían. Lakini familia kutoka Zaragoza itawaita watoto wake vosotros siku nzima ndani ya gari lako, na ukisikia "¿os gustaría?" usidhani ni lugha nyingine. Muajentina naye, pamoja na vos yake inayovuruga wakati uliopo, kwenye condicional anasema vos hablarías, sawa sawa na tú.

Kisha kuna wale waliojifunza Kihispania kwa kupitia vitabu vya Kiingereza, na hao ni wengi kwetu. Wao wana kanuni yao: "Popote penye 'would', weka -ría." Kanuni hiyo inafanya kazi mpaka mtu aanze kusimulia utoto wake. Kiingereza hutumia neno hilo hilo kwa mambo yaliyokuwa desturi zamani: likizo zikifika tulikuwa tukienda kwa bibi. Kihispania hapo hakitaki condicional hata kidogo. Kinataka íbamos, wakati uliopita wa kuendelea. Ukisema iríamos, msikilizaji atasubiri uongeze sharti: mngeenda kwa bibi kama nini? Kijana mmoja aliwasimulia wageni wake utoto wote wa Rombo kwa -ría, kuchunga mbuzi, kuteka maji, kupanda migomba. Wakamhurumia sana. Walidhani anaeleza maisha ambayo angetamani kuyaishi. Na ajabu ni kwamba kama angefikiri kwa Kiswahili moja kwa moja, "tulikuwa tukienda" isingemruhusu kukosea. Daraja la Kiingereza lilimpeleka mtoni.

Sasa tuje kwenye dai lenye sura ya elimu: "Inaitwa condicional, kwa hiyo bila sharti haitumiki."

Jina si katiba. Sarufi za zamani za Real Academia Española ziliiita potencial na kuihesabu kuwa hali ya pekee. Andrés Bello, Mvenezuela aliyechapisha sarufi yake kwa ajili ya watu wa Amerika mwaka 1847 akiwa Chile, aliiita pospretérito, yaani kinachokuja baada ya kilichopita, na shule za Meksiko hulitumia jina hilo mpaka leo. Bello aliona mbali. Kazi mojawapo kubwa ya umbo hili ni kueleza wakati ujao ukiwa umesimama ndani ya wakati uliopita. El guía dijo que saldríamos a las seis: kiongozi alisema tutaondoka saa kumi na mbili. Angalia Kiswahili kilivyofanya, kimebakiza -ta- kana kwamba kiongozi bado anasema. Anayefasiri hiyo -ta- neno kwa neno ataandika saldremos, na saldremos itafaa tu kama safari yenyewe bado haijafika. Kama mlishaondoka, au mliachwa, ni saldríamos. Sharti liko wapi hapo? Halipo.

Wala halipo kwenye kukisia jambo lililopita. Serían las diez cuando llegaron: ilikuwa yapata saa nne usiku walipofika. "Yapata" yetu imebebwa na -ían yao. Wala kwenye adabu. ¿Podría cerrar la ventana?, unamwambia mgeni nyani wakianza kusogea. Kiswahili hapo hakisemi "ungeweza kufunga dirisha". Anayesema hivyo amefasiri. Sisi husema naomba ufunge dirisha, na kama nyani ameshaweka mkono ndani, naomba inaachwa. Halafu kuna mtindo wa magazeti: el ministro habría renunciado. Msomaji wa kwetu atafasiri kwamba waziri angekuwa amejiuzulu, na atatafuta kilichomzuia. Hakuna kilichomzuia. Maana yake ni inadaiwa amejiuzulu. Wasahihishaji wengi wa Kihispania hawaupendi mtindo huo, wanasema umenukia Kifaransa, lakini upo, na asiyeujua atawatangazia watu habari kinyume.

Nimeliacha mwisho dai ambalo hakuna aliyeliandika popote, kwa sababu linatoka ndani yetu wenyewe: -nge- huku, -nge- huku. Kiswahili hupenda usawa. Ningekuwa na muda, ningepanda Kilimanjaro. Upande wa sharti una -nge-, upande wa jibu una -nge-, kama mizani ya muuza nyama. Kwa hiyo Mswahili yeyote, hata awe hodari wa kukariri, siku ya kwanza anayotunga sentensi ndefu atasema: "Si tendría tiempo, subiría el Kilimanjaro." Umbo tendría amelipatia, d ipo, alama ipo. Sentensi imeharibika.

Kihispania sanifu hakitaki condicional upande wa sharti. Kinataka umbo jingine, subjuntivo ya wakati uliopita: Si tuviera tiempo, subiría el Kilimanjaro. Njia ya kulipata ni rahisi, na ndiyo dakika kumi zenye faida kuliko zote darasani kwangu. Chukua "wao walifanya", toa -ron, weka -ra. Hablaron inakuwa hablara. Comieron, comiera. Tuvieron, tuviera. Fueron, fuera. Pudieron, pudiera. Ukijua wao walifanya nini, umejua kama ungefanya nini. Kuna pacha wake mwenye -se, tuviese, utamsikia Hispania, maana yake ni ile ile.

Msidhani kosa letu ni la kishamba. Kaskazini mwa Hispania, Nchi ya Basque, Navarra, La Rioja, Burgos, Cantabria, watu waliozaliwa na lugha hii vinywani husema "si tendría" kila siku, na walimu wao wanachoka kama mimi. Kwa hiyo ukisikia mgeni wa Bilbao akisema hivyo usimsahihishe, na usimwige kwenye mtihani.

Pale ambapo sharti bado liko wazi, lugha zetu mbili hazitofautiani sana. Nikiwa na muda nitapanda: si tengo tiempo, subiré. Wakati uliopo huku, ujao kule. -Ki- na -ta- zimepata wenzao. Na pale ambapo mambo yameshapita, -ngali- inakutana na habría: ningalijua, nisingalikuja ni si lo hubiera sabido, no habría venido. Hapo Kihispania kinalegeza kamba kidogo, kinakubali hubiera pande zote mbili, no hubiera venido, na Mswahili anapata usawa wake alioukosa.

Kwa miaka kadhaa nililimaliza somo hili kwa amri niliyoiandika ubaoni kwa herufi kubwa: baada ya "si", condicional haikai kamwe. Sasa nalijibu dai langu mwenyewe. Mwaka juzi mwanafunzi mmoja alinionyesha simu yake akiwa amechangamka. Mgeni, mwalimu mstaafu, alikuwa amemwandikia: "Quería saber si sería posible salir a las seis." Alitaka kujua kama ingewezekana kuondoka saa kumi na mbili asubuhi.

"Mwalimu, huyu mama amekosea, siyo?"

Nikaisoma mara mbili. Mama hajakosea. Si za Kihispania ni mbili, kama vile kama zetu zilivyo mbili. Kuna kama ya sharti, kama ningekuwa na gari, na kuna kama ya swali lililofichwa ndani ya sentensi, sijui kama angekuja, aliniuliza kama ningeweza. Hiyo ya pili haina ugomvi na condicional: no sé si vendría, me preguntó si podría. Mbele yake utakuta kuuliza, kujua, kutojua. Nilikuwa naijua tofauti hiyo tangu nikiwa mwanafunzi, na bado niliandika kamwe ubaoni, kwa uvivu wa mwalimu anayetaka darasa liishe.

Nikamweleza yote hayo. Akanyamaza, akaikunja ile karatasi ya fotokopi, akaikunjua.

"Nilishamjibu," akasema.

"Ulimjibuje?"

Akaniteremshia ujumbe. Alikuwa amemwandikia mwalimu mstaafu wa Salamanca: Señora, no se dice "si sería", se dice "si fuera".

Nilimwambia amwombe radhi sasa hivi, kabla hajalala. Akauliza aanzeje. "Querría disculparme," nikamwambia, na akaiandika kwa r mbili.